Barbara Leask, Mvushaji wa Mto Tawai

Tangu utoto wangu hapa Port Garvie, niliyoyajua kuhusu Barbara Leask yalikuwa machache. Alikuwa bibi wa bibi yangu. Alitoka Uskoti. Mumewe alikufa maji mtoni, akabaki na mabinti wawili, na alikuwa mwanamke mpole aliyevaa nguo nyeusi hadi kufa kwake. Hilo la upole ndilo lililorudiwa zaidi. Mama yangu alipotaka nikae kitini nitulie, alinitajia Barbara.

Mwaka niliostaafu ukunga, binamu yangu Lindsay alinipigia simu. Lindsay anafuga kondoo upande wa juu wa bonde, na akishika jambo haliachii. Alitaka ukoo mzima ukutane wakati wa kiangazi tuweke kibao cha shaba makaburini, maana jiwe la Barbara limeliwa na upepo wa chumvi hata halisomeki. Maneno ya kibao alikuwa ameshayatunga: Barbara Leask, mjane mpole na mama mvumilivu. Kilichokosekana ni miaka.

"Wewe Noeline una nafasi sasa," akaniambia. "Pita pale makumbusho utazame alizaliwa lini na alikufa lini. Nusu saa tu."

Nusu saa hiyo ilinila mwaka mzima na kitu.

Makumbusho yetu ni jengo lililokuwa posta zamani. Anayeyatunza ni Mereana Tipene, mama wa makamo, wa ukoo wa Kimaori uliokaa kwenye mdomo wa mto huu kabla yetu sote. Nilimzalisha mtoto wake wa mwisho, kwa hiyo tumezoeana. Alinikalisha mbele ya kompyuta yenye magazeti ya zamani, akaandika jina la Barbara, akaenda kubandika maji ya chai.

Habari ya kwanza iliyotokea ilikuwa ya mwaka 1879. Mjane Barbara Leask alifikishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kumpiga mwanamume kwa kasia.

Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nikamwita Mereana.

"Kulikuwa na Barbara Leask mwingine hapa?"

"Ni huyo huyo," akasema, akiweka vikombe mezani. "Na hapo hujaanza."

Nitasimulia mambo yalivyofuatana, ingawa sikuyapata hivyo. Niliyapata vipande vipande, mwisho kabla ya mwanzo, na vingine havikuwa kwenye karatasi yoyote.

Barbara alizaliwa mwaka 1846 katika kisiwa cha Yell, huko Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Kitabu cha ubatizo cha kanisa lao kinamtaja baba yake kuwa mvuvi. Katika sensa iliyofuata baba hayupo, na mama ameandikwa mjane. Bahari ilikuwa imemchukua, kama ilivyowachukua wengi wa pale. Barbara akakulia katika nyumba ya wanawake watupu, na akiwa na miaka kumi na mitano kazi yake imeandikwa kuwa ni kufuma. Niliwaandikia watu wa kisiwa hicho kuwauliza zaidi. Mzee mmoja alinijibu kwamba wasichana wa kule hawakukaa kufuma tu. Wanaume walikuwa baharini miezi kwa miezi, kwa hiyo wanawake ndio waliovuka mlangobahari kwa mashua kwenda kuchimba udongo mweusi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, na walipiga makasia huku sufu yao ikiwa mapajani. Nilifurahi kujua hilo. Mama yangu hakuwahi kuniambia.

Aliolewa na baharia aliyeitwa Magnus Leask, na mwaka 1874 wakapanda meli kuja huku kusini mwa dunia wakiwa na mabinti zao, Osla na Andrina. Katika orodha ya abiria Magnus ameandikwa mkulima. Hajawahi kulima hata tuta moja, lakini serikali ilitaka wakulima, naye akawa mkulima kwa safari. Barbara ameandikwa "mke". Hakuna jina. Nilivyoona vile nilichukia kana kwamba nimetukanwa mimi.

Hapa Port Garvie, Magnus aliajiriwa na bodi ya barabara kuvusha watu mtoni. Alipewa mashua na kibanda kilichokuwa karibu na gati. Barbara akapanda viazi nyuma ya kibanda, na farasi walipokuwa wakivushwa, wakiogelea nyuma ya mashua huku wameshikwa hatamu, yeye ndiye aliyeshika jozi ya pili ya makasia. Waliishi hivyo miaka minne.

Halafu ikaja masika ya 1878. Theluji ya milimani iliyeyuka kwa pamoja na mvua ikanyesha juu yake, mto Tawai ukapanda mpaka kwenye mlango wa kibanda. Yaliyotokea siku ile yapo katika maelezo yaliyotolewa mbele ya hakimu baada ya kifo. Mtu alisimama ng'ambo akaanza kuita mashua. Alikuwa Gavin Auchterlonie, kijana mwenye shamba kubwa upande ule, aliyekuwa akiwahi mnada wa kondoo. Aliita, akapunga kofia, akaita tena.

Barbara alimweleza hakimu hivi: "Nilimwambia Magnus maji haya hayavukiki. Akasema, mtu anaita. Nikamwambia, mwache aite, atachoka. Akasema hawezi kukaa ndani na mtu anaita."

Auchterlonie naye alipoulizwa alijibu kwa maneno machache. "Niliita," akasema. "Niliita muda mrefu."

Gogo lililokuwa likija na mafuriko liliipiga mashua ubavuni kabla haijafika katikati. Hakimu aliamua kuwa ni ajali na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mwili wa Magnus ulionekana siku kadhaa baadaye kwenye fungu la mchanga karibu na bahari. Aliyeuona ni mwanamke wa Kimaori jina lake Hera. Karatasi ya hakimu inasema tu kwamba mwili ulionwa na mwenyeji.

Baada ya hapo Barbara anapotea. Miezi mitano hayupo popote, si katika magazeti, si katika vitabu vya kanisa, si katika hesabu za bodi. Nilidhani alikwenda mji wa Dunedin kutafuta kazi za ndani, nikapoteza wiki nyingi kupekua majina ya Dunedin. Siku moja nilimlalamikia Mereana kwamba nimegonga ukuta.

"Alikuwa kwetu," Mereana akasema.

"Kwenu wapi?"

"Kwetu, nyumbani. Hera alikuwa bibi wa bibi yangu. Nilikuwa nasubiri uniulize. Umekaa na hizo karatasi mpaka nikakuonea huruma."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungeniuliza ushahidi." Akacheka kidogo. "Haya, dada yangu mkubwa anaitwa nani?"

Dada yake mkubwa namjua tangu nina miaka sita. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Anaitwa Papara.

"Ulidhani hilo ni jina letu la asili?" Mereana akauliza. "Hilo ni Barbara. Ndivyo wazee walivyolitamka. Kila kizazi tuna Papara mmoja."

Miaka sitini nimeliita jina la bibi yangu kule ufukweni bila kujua.

Yaliyofuata aliniambia Mereana, na Papara akanijazia siku tuliyokwenda kwake kula. Hera alipomkuta Magnus hakumwacha peke yake mchangani. Alimfunika kwa joho lake mwenyewe, akakaa kando yake akimwimbia mpaka mkewe alipofika. Barbara alikuja akitembea majini na mabinti zake, mmoja kila mkono. Baada ya mazishi, maji yakiwa bado yamejaa matope ndani ya kibanda, Hera aliwachukua wote watatu. Barbara hakujua Kimaori na Hera alijua Kiingereza cha kununulia unga. Walielewana hivyo hivyo. Barbara alifuma soksi za nyumba nzima. Hera alimlisha samaki na ndege wa baharini waliokaushwa kwa chumvi, ambao mwanzoni Barbara aliwala kwa kuziba pua, na mwishowe akawa anaficha wa kwake asinyang'anywe na watoto.

Hera ndiye aliyemfundisha mto. Magnus alikuwa baharia hodari, lakini aliujua mto miaka minne tu. Watu wa Hera waliujua tangu zamani. Alimwonyesha jinsi rangi ya maji inavyobadilika kabla ya mafuriko kufika, jinsi fungu la mchanga linavyohama kila majira, na mahali pa kusubiri maji ya bahari yatulie kati ya kujaa na kupwa. Kuna watu wanaoogopa maji baada ya msiba kama ule. Papara anasema Barbara aliogopa sana. Wiki za kwanza hakuweza hata kuchota ndoo. Hera alikuwa akimkalisha ndani ya mtumbwi uliofungwa ufukweni, hawaendi kokote, wanamenya viazi tu humo ndani, mpaka mwili wake ukazoea tena.

Asubuhi moja alirudi kibandani kutazama viazi vyake akamkuta msafiri gatini na mzigo. Mashua ilikuwa imeshatengenezwa, lakini hapakuwa na wa kuiendesha. Barbara alimtazama yule mtu, akatazama rangi ya maji, akamwambia apande. Hakuna aliyemtuma. Kesho yake akaja mwingine. Kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wanamwita kwa jina kutoka ng'ambo.

Bodi ya barabara ilipopata habari ilishtuka. Wajumbe waliandika gazetini kuwa wanatafuta mwanamume mwenye nguvu na asiyelewa. Wakapata mmoja aitwaye Duthie, aliyekuwa na nguvu. Wiki yake ya kwanza aliikwamisha mashua kwenye fungu la mchanga, ndani yake mchungaji na mkewe, na wakakaa hapo wakiimba zaburi mpaka Barbara na Hera walipokwenda kuwatoa kwa mtumbwi. Mke wa mchungaji alisimulia jambo hilo katika kila nyumba aliyoingia kunywa chai.

Siku ya pili Duthie alirudi kazini akamkuta Barbara amekaa ndani ya mashua. Alimwambia atoke. Hakutoka. Aliikamata kamba ili aivute mashua nchi kavu, na hapo ndipo kasia likaingia katika habari hii.

Gazeti lilieleza kesi ile kwa furaha kubwa. Kwanza mahakama ilichelewa kuanza. Hakimu alikuwa anatoka upande wa pili wa mto, na mvushaji wake asubuhi ile alikuwa mshtakiwa mwenyewe, aliyemkalisha gatini kusubiri maji yatulie.

"Bi Leask," hakimu aliuliza, "unakubali kwamba ulimpiga huyu bwana?"

"Sikumpiga, mheshimiwa. Nilimsukuma na kasia. Ningempiga asingekuwa amesimama hapo."

"Na kwa nini ulimsukuma?"

"Alikuwa anaondoka na mashua. Anaijua kwenda, hajui kurudi."

Watu walicheka, na gazeti linasema hakimu aliinama kutafuta kitu chini ya meza. Alimwonya Barbara asirudie, akamwonya Duthie zaidi, akafunga kesi. Kisha akarudi gatini kusubiri avushwe.

Nilimpelekea Lindsay habari hiyo nikitarajia ugomvi. Tulikuwa tumeshaanza kubishana kwenye simu, yeye akisema watu wa magazeti ni waongo tangu zamani, mimi nikimwambia aje asome mwenyewe. Alikuja makumbusho na buti zake za zizini, Mereana akamwambia azivue mlangoni. Alisoma amesimama kwa soksi. Alipofika kwenye jibu la Barbara mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia.

"Huyu ni mama yangu mtupu," akasema. "Sasa lile neno mpole lilitoka wapi?"

Lilitoka kwa Osla, binti mkubwa. Osla aliolewa na mzee wa kanisa, akawa na nyumba yenye vioo vya rangi mlangoni, na mama aliyevuta kiko na kunuka lami ya mashua alimpa shida. Hakumchukia. Alimpenda sana, akampiga pasi. Kila aliposimuliwa Barbara katika nyumba ile alitoka amenyooka zaidi, mpaka tukabaki na mjane mpole aliyekaa dirishani. Siwezi kumlaumu Osla. Alikuwa mtoto mdogo alipoona baba yake amelala mchangani, na pengine alitaka mama atulie mahali pamoja. Lindsay alilifuta neno mpole kwenye maneno ya kibao kwa mkono wake, akaandika mvushaji. Neno mvumilivu akakataa kuliondoa, nami nikaona ni haki.

Kuna mtu mmoja ambaye simulizi hii haikamiliki bila yeye, naye ni Auchterlonie. Alikuwa mjumbe wa bodi wakati wa kesi. Kitabu cha vikao kinaonyesha kwamba wenzake walitaka kutafuta mwanamume mwingine, naye akasimama akapendekeza Bi Leask aachiwe mashua. Hakutoa sababu. Tangu siku hiyo kazi ikawa ya Barbara, kwa mkataba, na jina lake kamili.

Lakini Auchterlonie mwenyewe hakuwahi kupanda mashua ile. Akiwa na shughuli mjini alipanda farasi mpaka juu kabisa bondeni, mahali maji yanapokuwa mafupi, akavukia huko, akashuka upande wa pili. Ilimpotezea nusu siku kila safari. Watu walimtania kwamba anaogopa kasia. Gazeti hata lilichapa kichekesho juu yake, bila kumtaja jina, ingawa kila mtu alimjua. Alivumilia utani huo miaka kumi na minne, hajibu. Mkewe alikufa, dada yake Elspeth akaja kumtunzia nyumba, naye akaendelea kuzunguka.

Barbara hakusema lolote juu yake, si vizuri si vibaya. Wanaume kadhaa walimposa katika miaka hiyo. Fundi viatu mmoja alimfuata gatini akiwa amenyoa vizuri, akamuuliza kama haoni upungufu wa mwanamume nyumbani. Hera alipenda kuigiza jibu lake. Barbara alimwambia upungufu anauona, kamba ya mashua imechakaa, na kama ana kamba nzuri aje nayo.

Mwaka 1893 wanawake wa nchi hii walipata kura. Barbara alikuwa ametia saini ombi lililopelekwa bungeni, na saini yake ipo hadi leo, herufi kubwa zilizoegemea upande mmoja kama mtu anayevuta kasia. Katika daftari la wapiga kura wanawake wengi wa hapa wameandikwa kazi za nyumbani. Yeye ameandikwa mvushaji. Nilipoliona neno hilo nilimsamehe karani wa meli aliyemnyima jina, au karibu nimsamehe.

Siku ya kura ilikuwa mwisho wa Novemba, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kituo kilikuwa shule ya upande wa mjini. Wanawake wa ng'ambo walikuja na nguo zao za kanisani, wengine na watoto wachanga, wakajipanga kwenye matope kutazama mto uliojaa hadi ukingoni. Barbara alikwenda kuyatazama maji na Hera. Hera hakuwa na kura siku ile, maana Wamaori walipiga yao wiki kadhaa baadaye, lakini alikaa kwenye jozi ya pili ya makasia tangu asubuhi. Walisubiri maji ya bahari yatulie, wakavusha, wakasubiri tena, wakavusha tena. Gazeti linasema wanawake wote walifika salama, kofia zikiwa zimeharibika. Linaishia hapo. Lililobaki alilisimulia Hera kwa wanawe, wanawe kwa wajukuu, mpaka likamfikia Mereana, naye akanisimulia mimi tukiwa tumekaa jikoni kwake.

Alasiri, walipodhani wamemaliza, Hera aliona watu wawili wamesimama ng'ambo mvuani. Walikuwa Auchterlonie na dada yake Elspeth. Huko juu bondeni maji hayakuwa mafupi tena, hata farasi angezama. Elspeth alikuwa amefunga kifuani utepe mweupe wa wanawake waliodai kura. Auchterlonie alikuwa ameshika kofia mkononi, na alikuwa amesimama tu. Hakuita, hakupunga.

Hera alimwambia Barbara kwamba huenda hawataki kuvuka, mbona wako kimya. Barbara alitazama kwa muda, kisha akasema twende.

Walipogusa ukingo wa pili Elspeth alipanda haraka. Kaka yake alibaki kwenye matope.

"Mbona huiti?" Barbara akamuuliza.

"Niliwahi kuita," akasema.

Barbara alikuwa na kasia mkononi, na Hera, ambaye alikuwepo pia siku ya Duthie, alijiandaa kwa lolote. Lakini Barbara alilichukua kopo la bati lililokuwa chini ya miguu yake akamnyooshea.

"Panda," akasema. "Ukae hapo nyuma, uteke maji. Mashua inavuja."

Alipanda. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenyekiti wa bodi, na aliteka kwa pupa hata akawa anamwaga nusu ya maji ndani ya mashua ileile. Walipokaribia katikati, mahali Magnus alipozama, alianza kusema jambo lililokuwa limemkaa muda wote huo.

"Bi Leask, siku ile kama ningenyamaza..."

"Ungenyamaza angeita mwingine," Barbara akasema, bila kuacha kuvuta. "Magnus alikuwa mtu wa kwenda akiitwa. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana sinaye. Teka maji, Gavin."

Akateka. Machozi yalimtoka, kwa mujibu wa Hera, lakini kwa mvua ile nani angejua. Walipiga kura zao, na jioni Barbara aliwarudisha. Tangu hapo Auchterlonie alivuka kwa mashua kama watu wengine, akikaa nyuma, kopo mkononi hata siku za jua. Watu walipomtania kwamba amepona woga, alijibu kwamba sasa ameajiriwa.

Daraja lilijengwa mwaka 1902, na ni yeye Auchterlonie aliyelihangaikia bodini. Nilijiuliza kama Barbara aliona kanyang'anywa kazi. Sioni dalili hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, viungo vya mikono vimeanza kuvimba. Siku ya ufunguzi wakubwa walihutubia mpaka maziwa ya chai yakaganda, kisha wakamwomba aliyekuwa mvushaji aseme neno. Alisimama akasema ni daraja zuri, na kwamba kesho asubuhi atalala. Akaketi. Makofi aliyopigiwa yalizidi ya wakubwa wote.

Alihamia kwa Osla, katika ile nyumba ya vioo vya rangi, na wakapatana kwa masharti: kiko kivutwe uani. Alilima viazi kule nyuma, akagombana na kuku, akafuma. Bibi yangu Ina alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na ndiye aliyefundishwa kupiga makasia kwa siri, Osla akidhani wamekwenda kuokota maua.

Hera alikufa mwaka 1911. Barbara alikwenda kwenye msiba akakaa na wanawake wa ukoo kando ya jeneza siku zote za maombolezo, akilala hapo hapo juu ya mikeka. Watu walipokuwa wakitoa maneno yao, naye alisimama. Kufikia wakati huo alikijua Kimaori vizuri, ingawa kwa lafudhi ya Shetland iliyowachekesha watoto. Alisema kwamba Hera alimkuta Magnus akakaa naye, na yeye amekuja kukaa na Hera. Kisha akaimba zaburi ya kwao, sauti ikamkatika katikati, na wanawake waliokuwa pembeni yake, ambao hawakuijua zaburi ile, wakashika sauti wakamvusha mpaka mwisho.

Yeye mwenyewe alifariki Julai 1919, kwa homa ya mapafu, baada ya kung'ang'ania kutoka nje kufunika viazi wakati wa baridi kali. Alizikwa kando ya Magnus. Asubuhi ya mazishi wana wa Hera walifika kwenye nyumba ya Osla, watu wazima wenye mvi sasa, wakasimama nje ya geti wakiwa wamevua kofia. Osla alitoka kibarazani akawatazama. Wao ndio aliolala nao kitanda kimoja utotoni, miezi ile mitano, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasalimia barabarani kwa kichwa tu. Alishuka ngazi, akawafungulia geti mwenyewe, akawaambia mama yupo ndani.

Walibeba jeneza pamoja na wakwe. Waliporudi kutoka makaburini mvua ilikuwa imeanza, na Osla akawaingiza wote sebuleni, kwenye viti vya kitambaa ambavyo siku zote vilikaliwa na mchungaji peke yake. Akawamiminia chai. Mkubwa wao alipotaka kuvua viatu kwa sababu ya matope, Osla alimwambia aviache.

"Kaeni tu," akasema. "Kaeni, mnisimulie mama alikuwaje kule kwenu. Mimi nilikuwa mdogo, nimesahau mengi."

Wakakaa mpaka jioni.